Salamu za Marehemu Zeina

Mimi Zamda nina kinyaa, na sifichi. Hata leo nikiona sinia la pilau ya khitma, siligusi, kwa yale waliyomfanyia shoga yangu Saadiya binti Sheikhan.

Saadiya alikuwa akidarizi kofia Mtaa wa Sikukuu, hapa Kariakoo, enzi za Mwingereza. Mjane, hakujaliwa mtoto, ulimi mkali, vidole vyepesi. Kofia zake zikivaliwa Idi pale Mnazi Mmoja, wanaume walisimamishana kuuliza nani kashona. Mwaka ule miguu ikamvimba, pumzi ikawa ya shida, akawa analala ameegemea mito. Daktari wa Kihindi akamsikiliza kifuani, akamwambia kaka yake Humoud, "Moyo umechoka. Asitiwe huzuni wala hasira."

Haukupita muda dada yao Zeina, aliyeolewa mtaa wa Gerezani, akafa kwa homa. Humoud akatukusanya uani. "Saadiya asijue. Atakayemwambia kamuua." Tukakubali sote, maana tuliona ni huruma.

Huruma gani! Kwetu ndugu akiugua, dada yake huja akakaa naye, akamkanda miguu. Saadiya akawa haondoi macho mlangoni. "Zeina yuko wapi?" Basi wale wanawake wa uani, wanafiki, wametoka kulia matangani, macho bado mekundu, wanamjibu kwa vicheko, "Hajambo, anakusalimu sana." Salamu za maiti! Ptuu! Na huku wanakunywa kahawa ya mgonjwa.

Kila salamu ikija, nauona mshipa wa shingo unamrukaruka. "Kusalimu anaweza, kuja hawezi? Nimemkosea nini mie?" Chakula hali, usingizi hapati, miguu inazidi kujaa maji. Humoud anasema ndiyo ugonjwa wenyewe huo. Ugonjwa wapi! Kilichokuwa kinamla ni kinyongo, na wao ndio waliokuwa wakimlisha.

Siku ya khitma ndiyo nilichefuka hasa. Mauza, mke wa Humoud, akaingia na sahani imefunikwa kawa. "Kula, wifi yangu. Zeina kakupikia kwa mkono wake." Pilau ya kumwombea Zeina mwenyewe! Nguo bado zinamnuka ubani wa matangani, hana haya. Saadiya akaisukuma sahani, wali ukamwagika mkekani. Akashika kifua, midomo imekuwa myeusi, maneno yanatoka moja moja.

"Mwambieni simpi radhi. Nikifa, asikanyage matangani kwangu."

Na yule Mauza, unajua alifanya nini? Aliinama, akaokota mnofu mkekani, akaupuliza, akautia mdomoni.

Nikasema liwalo na liwe. Nikapanda kitandani, nikamshika Saadiya mikono yote miwili. "Shoga, Zeina amefariki. Hii ni khitma yake. Hakukususa, wallahi. Homa ilimzidi, na nilikuwepo mimi, jina lako ndilo alilokuwa analitaja."

Mauza akapiga ukelele. Humoud akaja mbio kutoka nje, ananiita muuaji, ananivuta kanga nishuke. Saadiya alilia, akalia mpaka mto ukalowa. Lakini kadiri alivyolia, pumzi ikawa inakuja sawa, na ule mshipa wa shingo nikauona umetulia. Akajifuta uso, akaniangalia, karibu atabasamu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kumbe kafa tu."