Neno Aliloongeza Janeffer

Shemeji yangu Janeffer, mjane wa kaka yangu, huchuma chai kama anayemnyonga mtu. Alianza hivyo baada ya jirani yetu hapa Boito, Bethwel, kumkuta Nelvine, binti wa Janeffer, peke yake nyumbani na kumbaka.

"Aozee ndani," aliniambia. "Akitoka, awe anashikwa mkono na wajukuu."

Kortini Nelvine alitangulia. Wakili wa Bethwel alimzungusha sana, lakini hakubadilisha neno. Mwendesha mashtaka alikuwa ametueleza kwamba hakimu akimwamini Nelvine peke yake, inatosha. Janeffer hakutosheka. Alipoitwa, alisema alimwona Bethwel kwa macho yake akitoka mlangoni, viatu mkononi.

Wanawake wa kituo cha majani, tunakopimia chai yetu, walikuwa wamejaa benchi letu, wamekuja kumtia nguvu. Wote waliinamisha vichwa. Jioni ile Nelvine alipobakwa, lori la kiwanda lilichelewa, na Janeffer alikuwa nao kituoni mpaka giza likaingia.

Wakili aliviona vile vichwa. Siku ya utetezi akamwita Jerusa, rafiki ya Janeffer.

"Mama, jioni hiyo Janeffer alikuwa wapi?"

Jerusa alimtazama rafiki yake. "Tulikuwa naye kituoni. Mpaka lori likaja."

Hakimu alisema Nelvine alionekana msema kweli. "Lakini mama yake amenidanganya, na siwezi kujua ni maneno mangapi ya binti aliyomfundisha yeye mwenyewe. Shaka hiyo ni ya mshtakiwa."

Bethwel akaachiliwa.

Tangu hapo Janeffer humngoja kwenye ua kila asubuhi.

"Ulilala, Bethwel?"

"Nililala, mama."

"Lala tu. Siku yako naijua mimi."

Nelvine alihamia kwa Jerusa. Janeffer akamfuata huko, nami nyuma yake.

"Unalala kwa mtu aliyetuzika?"

"Yeye aliulizwa, akajibu ukweli," Nelvine alisema, akiendelea kuchambua maharagwe. "Na wewe ungejibu hivyo, Bethwel angekuwa ndani."

Tulirudi nyumbani. Bethwel alikuwa amesimama kwenye lango lake, na siku hiyo yeye ndiye aliyesalimia kwanza.

"Chamgei, mama. Mnatoka wapi?"

Janeffer alimpita bila kugeuka. Aliingia shambani bila kikapu, akaanza kunyofoa majani, machanga na makomavu, akiyatupa chini.