Jiko Halilali na Watu

Nilipokuwa mtoto wa kung'oka meno, nyumba yetu ilikuwa ya kwanza kijijini kuezekwa mabati, na watu walioipita wakienda Sigalagala waliiita Nyumba ya Uhuru. Baba alikuwa mwashi. Bendera ilikuwa imebadilishwa juzi tu, naye aliapa kwamba mtoto wake wa pili hatazaliwa chini ya nyasi. Akajenga kuta za matofali, akaweka dari na dirisha moja la kioo, kisha akapiga marufuku moto wa kuni ndani, usije ukaitia dari masizi. Badala yake alituletea jiko la makaa kutoka mjini Kakamega. Halikuwa na moshi. Tuliliona kama mgeni mstaarabu, asiyekohoa mbele za watu.

Mdogo wangu alizaliwa msimu wa mvua, baba akiwa Matete akijenga maduka. Nyanya yangu, mama yake baba, ambaye tulimwita Kukhu, akaja kumtunza mzazi. Alikuja na kikapu cha mboga na sheria zake. Mtoto asitolewe nje mpaka kitovu kikauke na kuanguka. Moto usizimike. Na kila tundu lizibwe, kwa sababu ng'ambo ya ua wetu aliishi Khasiala.

Khasiala alikuwa mjane asiye na mtoto. Ilisemwa kwamba ana jicho baya: akimtazama mtoto mchanga na kumsifu, mtoto huacha kunyonya. Mimi nilimjua tu kama mwanamke aliyetembea akiangalia chini, na wakati ule sikujiuliza kwa nini. Mtoto alipozaliwa, alileta kuku mwekundu wa kumpongeza mzazi, kama desturi, akampitisha juu ya ua bila kuingia. Kukhu alimpokea kwa ncha za vidole, akamfunga kwenye mguu wa kitanda.

"Mchuzi wa kuku huyu nani atakunywa?" alisema. "Akae hapo kwanza, tumwangalie."

Katika nyumba yake mwenyewe, ya nyasi, Kukhu alikuwa amelala na moto maisha yake yote. Moshi ulipanda, ukapenya paani, ukaenda zake. Nyumba yetu haikuwa hivyo, lakini nani angemwambia? Alisokota matambara akayasukuma kwenye matundu ya hewa ambayo baba aliyaacha juu ya dirisha. Akalifunga dirisha na kulitundikia shuka. Akalaza gunia chini ya mlango. Kila mvua ilipoanza, jiko liliingizwa ndani na kuwekwa karibu na kitanda, likiwa jekundu, kimya, lenye heshima zake.

Kisha vichwa vikaanza kuuma. Kilitangulia cha mama, kikafuata changu. Hata Kukhu alijifunga kitambaa kwenye paji la uso, akakikaza.

"Si nilisema?" alinung'unika. "Yule mwanamke anaangalianga hata kupitia ukuta."

Lakini mama alikuwa ameanza kupima mambo. Alipokwenda choo, nyuma ya nyumba, kichwa kilitulia. Aliporudi ndani, nacho kilirudi. Asubuhi moja aliniita karibu.

"Ayuma, ukienda kuchota maji, kichwa chako huwa kinafanya nini?"

"Kinaachanga."

"Kinaachanga," alirudia polepole, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu iliyomsumbua.

Alasiri ya siku hiyo mvua ya mawe ilipiga mabati hata hatukusikizana. Kukhu aliongeza makaa. Ukaja usingizi mzito, mtamu, wa kukuvuta chini kwa mikono laini, na nikataka kuufuata. Halafu nikatapika. Nilipojaribu kusimama, miguu haikuwa yangu. Kando ya kitanda, yule kuku mwekundu aliinamisha kichwa, akalala ubavu, asipige hata bawa moja.

"Kuku wake!" Kukhu alipiga kelele. "Ametuletea kifo amekifunga kamba!"

Mama alimwekea mtoto titi mdomoni. Mtoto hakuufungua. Akamtikisa. Kichwa kikalegea huku, kikalegea kule.

Mama alisimama akishika ukuta, mtoto kifuani.

"Mama, nipishe mlangoni."

"Kitovu hakijaanguka! Na yule yuko nje, nimemsikia. Unataka kumpelekea mtoto mpaka miguuni?"

"Huyo kuku alitazamwa na nani humu? Nikitoka nje, mbele ya macho yake, napona. Nikijificha, nakufa. Ni jicho gani hilo linaloua mahali lisipoona?"

"Usibishane na mimi. Nimezaa tisa."

"Na huyu nimemzaa mimi."

Akampita kwa bega. Sikuwahi kumwona mama akimgusa mama mkwe wake hivyo, wala sikumwona akifanya hivyo tena.

Uwanja ulikuwa mweupe kwa mvua ya mawe. Nilitoka nyuma yake nikitambaa, barafu ikiniuma viganja, na hewa ikaniingia kifuani baridi kama maji ya mto. Khasiala alikuwa upande wake akiinua kunde zilizolazwa na mvua. Alipoona mtoto, aligeuka upesi akatupa mgongo, kama miaka mingi ilivyomfundisha.

"Dada, geuka," mama akasema. "Mwangalie."

"Mama Ayuma, watu watasema..."

"Waseme! Mwangalie mpaka uchoke!"

Magoti ya mama yakamwishia palepale. Khasiala hakuwa na nafasi ya kuogopa: alinyoosha mikono juu ya ua akamdaka mtoto, akamfungua nguo shingoni, akamsugua mgongo, akimwita, "Baba, baba, amka baba." Mtoto akapiga chafya. Kisha akalia, kilio chembamba chenye hasira. Mama, akiwa amepiga magoti kwenye barafu, akacheka na machozi yanamtoka. Nyuma yetu Kukhu alitoka akiyumba, akakaa chini, akashika kichwa.

Mama alipopata nguvu, alibana pumzi, akaingia, akalitoa jiko akaliweka kwenye mvua ya mawe. Likatoa mlio mrefu. Akarudi kung'oa matambara, moja baada ya jingine, akayatupa uwanjani mbele ya yeyote aliyetaka kuona.

"Kuanzia leo," alisema, "jiko halilali na watu."

Miaka mingi baadaye, chuoni, nilifundishwa jina la yule mgeni asiyekohoa: kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayotoka kwenye makaa. Nilitabasamu. Mama alikuwa amemfumania bila kumjua jina. Na bado nasikia watu wakisema makaa yakishakuwa mekundu hayana neno, au kwamba ufa wa dirisha unatosha. Si kweli. Mekundu ndiyo yaliyotulaza. Vichwa vya nyumba nzima vikiuma kwa pamoja, kisha vikapona nje, tokeni, nendeni hospitali. Mtamtafuta mchawi baadaye.

Kukhu alikufa akisema lilikuwa jicho. Lakini hakuingiza jiko ndani tena, hata kwake kwenye nyasi. Majirani waliendelea kuwaficha watoto wao. Mdogo wangu alikulia mgongoni kwa Khasiala, mchana kweupe, njia nzima ya sokoni, akisifiwa kwa sauti.

Juzi nilikwenda kumwona rafiki aliyejifungua mjini. Dirisha limefungwa, jiko liko miguuni pa kitanda. Nililibeba nikalitoa nje bila kuomba ruhusa, nikafungua kila kilichofunguka. Mama mkwe wake akapiga kelele kwamba nitamletea mtoto jicho. Nilipokuwa natoka, nikamsikia akisema chuo kimenifundisha ujeuri.

Sikurudi kumsahihisha. Ujeuri ule sikuupata chuoni. Niliupata kwenye barafu, nyuma ya mama, nikitambaa.