Alama Isiyofungwa

Ofisini walimwita Mama Funga, na yeye hakuona ubaya. Kazi yake ilikuwa kuandika kurasa za tovuti ya idara ya maji, na kurasa hizo huandikwa kwa alama: moja ya kufungua aya, nyingine ya kuifunga. "Ukifungua, funga," alimwambia kila aliyepita mezani pake.

Miaka ile waliosimamia viwango vya wavuti duniani walihubiri ukali. Lugha mpya ya kurasa, walisema, isivumilie makosa: ukurasa wenye kosa moja usifunguke kabisa. Mafundi wengi waliipokea lugha hiyo kwa jina tu, kisha wakaacha vivinjari, yaani programu za kufungulia kurasa, viisome kwa ulegevu wa zamani. Mama Funga aliuona huo ni unafiki. Aliuwasha ukali wenyewe, tovuti nzima.

Kitinda mimba wa kwao, ambaye nyumbani na kazini aliitwa Kitinda tu, aliingizwa kazini na dada yake huyo. Alikuwa na mkono mwepesi na kichwa mawinguni.

"Dada, uondoe huu ukali," alimwomba. "Iko siku utatutokea puani."

"Samaki mkunje angali mbichi," dada akajibu, akaendelea na kazi.

Asubuhi moja dawa ya kusafishia maji ilizidi kupita kiasi katika tangi kuu. Mkemia alikuja mbio na tangazo: maji ya bomba yasinywewe, hata yakichemshwa. Kitinda aliliandika harakaharaka, akalipandisha kwenye tovuti, akageukia simu zilizokuwa zikilia mfululizo. Alama moja aliisahau wazi. Kila aliyefungua ukurasa hakukuta tangazo, ila mstari wa lugha ya kifundi, usiomwambia mtu kitu. Mpaka wanagundua, jua lilikuwa la utosi. Watu walikuwa wamejaa zahanati wakitapika, na mtoto mchanga alikuwa ameshakufa. Mama yake alikuwa ameufungua ukurasa ule kabla ya kumkorogea maziwa.

"Nani aliandika?" mkurugenzi aliuliza.

"Mdogo wangu," Mama Funga akasema.

Ilikuwa kweli. Ilikuwa nusu ya kweli, na hiyo nusu nyingine hakuificha; hakuiona tu. Kitinda alifukuzwa siku hiyohiyo, picha yake ikatoka magazetini, na mama yao akaacha kumtaja mbele za watu.

Miaka ikapita. Kumbe watengenezaji wa vivinjari walikuwa wamejitenga kitambo na wasimamizi wale wa viwango, wakaanza kuandika kiwango chao wenyewe. Mwenye nguvu mpishe: wahubiri wa ukali wakaiacha njia yao, wakawafuata. Kiwango kipya kilieleza hatua kwa hatua jinsi kivinjari kitakavyourekebisha ukurasa wenye kosa na kuuonyesha hivyohivyo. Mama Funga alikisoma akiwa amekunja uso. Kisha akalitafuta tangazo lile la zamani, likiwa bado na kosa lake, akalifungua kwa kanuni mpya.

Likafunguka. Msinywe maji ya bomba. Kila neno lilisomeka.

Alimwendea mkurugenzi, akamwambia kwamba ukali aliouwasha yeye ndio uliolizuia tangazo lisionekane.

"Yalishapita hayo, mama," mkurugenzi alimwambia. "Unataka tufukue makaburi?"

Mama Funga alimkuta Kitinda kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akishusha saruji, nywele nyeupe kwa vumbi. Dada akamweleza yote, kwa kukwamakwama.

"Nilijua," Kitinda akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Si nilikuomba uuondoe ule ukali?"

"Mbona hukusema?"

"Nikutaje wewe, dada? Wewe uliyenitafutia kazi?" Alijifuta uso kwa fulana. "Na alama niliiacha mimi. Yule mtoto hafufuki kwa kiwango kipya."

"Nitamwambia mama."

"Mama mwambie." Akainama, akajitwisha mfuko mwingine. "Wengine waache."

Alimwambia siku hiyohiyo, wameketi kitandani kwa mama. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimemfungia mwanangu mlango," alisema.

Akainuka, akajitanda mtandio, akavaa viatu. Mama Funga alipotaka kumsindikiza, mama alimrudisha kwa mkono, akatoka peke yake kwenda kumtafuta Kitinda.