Jina la Olweny Kwenye Jiwe

Mimi Tajudin nachonga majina kwenye mawe, na sipendi kurudia kazi. Ndiyo maana nilimfokea Mama Olweny, muuza samaki wa soko la Ggaba, aliponishika mkono asubuhi ile. Ilibaki saa moja tu tuzindue mnara wa vijana wetu wa mtaa huu wa Mbuya, askari waliokufa wakilinda amani Somalia.

"Fundi, umemwandika mwanangu aliye hai."

"Ala! Nimefuata orodha niliyopewa, herufi kwa herufi!"

Akanivuta pembeni, akaniambia alichokificha miaka sita. Mwanawe mdogo, Ojera, hakumaliza shule. Kaka yake, Olweny, alimwazima cheti chake cha shule, na Ojera akaingia jeshini kwa jina la kaka. Kwa jina hilohilo akaenda Somalia, akarudi ndani ya sanduku. Msishangae, wapo wengi.

"Basi sema!" nikamwambia.

"Nikisema, watamfunga Olweny. Nikinyamaza, Ojera wangu atakuwa kama hakuzaliwa. Nimebaki na mmoja tu, fundi. Nifanyeje?"

Nililichukia lile jiwe, na lilikuwa limenitoka vizuri.

Watu wakajaa. Utaratibu ni huu: afande anasoma jina, ndugu wa marehemu anaitikia "Tupo!" kisha anaweka ua. Mama Olweny alisimama mbele na ua lake. Olweny, dereva wa bodaboda, alijibanza nyuma, kofia kaishusha hadi machoni. Kila jina liliposomwa mama yule alinigeukia. Nikatazama chini kwa aibu.

"Koplo Olweny!"

Mama alilibana ua kifuani, akanigeukia tena. Afande akarudia kwa ukali.

"Niko hapa, afande!"

Olweny alivua kofia, akapenya katikati ya watu hadi mbele. "Olweny ni mimi. Aliyekufa ni mdogo wangu, Ojera. Cheti nilimpa mimi."

Askari wawili wakamsogelea. "Banange, jamani, mwanangu!" Mama alipiga yowe, akaling'ang'ania shati lake. Olweny akambandua vidole taratibu, kimoja kimoja, halafu akanigeukia.

"Fundi, liandike jina lake sasa hivi. Nataka nilione kabla hawajanichukua."

Afande akawainulia askari mkono, wangoje. Nikapiga magoti mbele ya jiwe, nikashika patasi.