Watu wa Karatasi Juu ya Meza ya Kukatia

Mtaani tulimwita Bibi Pindo. Hakuna sare ya shule iliyotoka kwenye cherehani yake bila pindo nene, la kufunguliwa mtoto akirefuka. Ukimwambia unataka suruali iishie hapa, atakujibu, "Sawa, na mwakani je?" Alikuwa na mdomo, mama yule, na mimi jirani yake nimeuonja mara nyingi.

Asubuhi ya sikukuu nilimpelekea viti vya kuazima, nikamkuta kwenye meza yake ya kukatia nguo pamoja na wajukuu wake watatu. Binti yake, mama wa watoto hao, alifariki wakiwa wadogo, na tangu hapo cherehani ndiyo iliyowalisha. Sasa macho ya Bibi yalikuwa yanafifia. Wateja walirudisha nguo zenye mishono iliyokwenda kombo, kisha wakaacha kuja kabisa. Wanawe wawili wa kiume wakakata shauri: baada ya chakula cha sikukuu, mjomba mkubwa ataondoka na wale wawili wakubwa, na mjomba mdogo atamchukua Kitinda, msichana wa miaka sita, kwenda kuishi naye mji mwingine. Bibi aliachiwa kazi moja tu, kuwaambia watoto. Wiki nzima ilipita hajafungua kinywa.

"Nitawaambia wakishapamba meza," alininong'oneza.

Nilimkasirikia. Lakini ningekuwa mimi, ningeanzia wapi?

Meza ile walikuwa wamepewa watoto wale chakula peke yao, nao walitaka pambo la maana. Dada, yule mkubwa, alikunja karatasi ya kaki ambayo Bibi hukatia vipimo, akamchora mtu kwa chaki ya fundi, mikono imenyooshwa mpaka kwenye mikunjo. Ikikunjuliwa, alisema, watatokea watu wanne walioshikana mikono: Bibi na wao watatu.

"Kata wewe, Bibi," alisema wa kati. "Sisi tutaharibu."

Bibi akakata. Mkono wake ulikuwa bado mwepesi. Aliuzungusha mkasi kichwani, akashuka begani, akafika kwenye kiganja na kukizunguka nacho, hata pale kwenye mkunjo, vizuri kabisa, kama anavyokata mkono wa shati. Fundi nguo hukata vipande kwanza. Kuunga ni baadaye. Dada alipotaka kukunjua, hakukuwa na cha kukunjua. Watu wanne walidondoka mezani, kila mmoja kivyake.

"Bibi!" Wa kati aliangua kicheko. "Umewaachanisha!"

Bibi hakucheka. "Nitawashona," alisema, na tayari alishaivuta cherehani. Sindano ilitoboa vitundu vilivyosongamana, na Dada alipoinua karatasi ikachanika palepale kwenye mshono. Bibi akarudia. Ikachanika tena, na safari hii viganja navyo vikaisha. Walitafuta gundi, wakaikuta imekauka chupani. Bibi alikaa na uzi umemzonga vidoleni, machozi yanamtoka, na mimi nikajifanya napanga viti. Sijazoea kumwona mtu mkali akilia.

Kitinda ndiye aliyepata dawa. Aliwalaza watu wale kwa mstari, mkono kuelekea mkono, kisha akaweka sahani juu ya kila mahali palipokatika. Sahani zilikuwa tatu, na palipokatika ni patatu. Ukitazama, ungedhani kweli wameshikana huko chini.

"Haijulikani, eti Bibi?"

"Haijulikani, mama." Bibi alivuta pumzi, nikajua sasa ndiyo anasema. Akauliza chumvi iko wapi.

Wajomba walifika, tukala. Kuku alikuwa mtamu, mjomba mdogo alitutania sote, na watoto walikaa upande mmoja wa meza yao kama wakubwa wa mkutano. Kisha mjomba mkubwa akajifuta mdomo. Alidhani wameshaambiwa, ndiyo maana alisema kwa uchangamfu, "Haya, wangu wawili mko tayari? Na wewe Kitinda, mjomba wako ameshakununulia kitanda."

Dada alimtazama Bibi, na Bibi akaitazama mikono yake mwenyewe. Hasira yangu yote kwake iliniisha pale pale. Mke wa mjomba mdogo, mwanamke asiye na ubaya wowote, aliinuka kukusanya vyombo. Akachukua sahani ya Dada, akachukua ya wa kati, na palipokatika pakabaki wazi. Alipofika kwa Kitinda, mtoto aliishika sahani yake kwa mikono miwili, akaikandamiza mezani.

"Sijamaliza."

Sahani ilikuwa nyeupe, haina hata mfupa.

"Mwacheni," alisema Bibi Pindo. "Mtoto bado anakula."