Mkono wa Loutfia Utakaa Hivi

Kwa miaka mingi Loutfia alipiga pasi kwa kiwiko kibovu. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi za mawe za Mutsamudu, mji wa kisiwa cha Ndzuani huko Komoro, kichwani amebeba bunda la kanzu za watu, akaangukia mkono wa kulia. Mganga wa mtaani aliuunga mkono ule alivyoweza. Mfupa ulishika, lakini kiungo kiliharibika, na kila alipoukunja au kuunyoosha mkono alisikia kitu kikisagika ndani yake kama mchanga. Hata hivyo kila Alhamisi moshi wa makaa ulitoka dirishani kwake, na kila Ijumaa wanaume wa mji ule waliingia msikitini na kanzu zilizonyooka. Mumewe alikuwa amekwenda ng'ambo kutafuta kazi, akaoa huko, asirudi tena. Nyumba ilikuwa ya Loutfia, maana katika visiwa vile nyumba ni ya mwanamke, na pasi ilikuwa yake vilevile. Alijilisha mwenyewe.

Wafaransa walipoondoka baada ya uhuru, madaktari wao waliondoka pamoja nao, na Loutfia akakata tamaa ya kutibiwa. Kisha, katika mwaka wa pili wa utawala wa Ali Soilih, habari zikafika Mutsamudu kwamba Moroni, mji mkuu, kuna daktari mgeni anayepasua viungo. Loutfia alipanda boti ya mizigo, akafikia kwa binamu yake Ntsoudjini, kijiji kilicho karibu na Moroni, na asubuhi iliyofuata akaenda hospitali.

Walimpima siku nzima. Walimtoa damu, wakamsikiliza moyo na mapafu, wakampiga picha ya mkono. Mwishoni daktari alimkalisha mezani, na muuguzi aitwaye Mariamou, mwenyeji wa Moroni, akawa anatafsiri Kifaransa cha daktari, huku akimtania Loutfia kidogo juu ya lafudhi yake ya Ndzuani. Daktari alisema moyo wake ni mzima na usingizi wa dawa hautamdhuru. Tatizo lilikuwa jingine. Hakuwa na uwezo wa kumpa kiwiko kipya. Alichoweza ni kuiunganisha mifupa miwili iwe mmoja. Maumivu yangekwisha, lakini mkono usingekunjika tena wala kunyooka, maisha yake yote.

Ili aeleweke vizuri, daktari alichukua kitabu, akakifungua nusu, akakishika hivyo hivyo. Alisema kwamba kikifungwa zaidi, mkono utafika mdomoni lakini hautafanya kazi ya mbali. Kikifunguliwa zaidi, utafanya kazi, ila chakula hautakifikisha. Uamuzi ulikuwa wa Loutfia.

Loutfia aliuliza kama hakuna namna ya kupata yote mawili. Mariamou hakutafsiri hata swali hilo. Alitikisa kichwa tu.

Basi Loutfia alisimama, akaweka kiganja juu ya meza kama mtu anayeshika mpini wa pasi, akakisukuma mbele kidogo. "Hapa," alisema.

Daktari aliufunga mkono wake plasta nyeupe, ngumu, katika umbo lilelile. Akamwambia aende akaishi nao mwezi mmoja kabla ya kisu. Akiona amekosea, arudi waubadilishe. Jambo la mwisho lilikuwa la desturi ya wodi: arudi na mwanamume wa ukoo wake, kwa kuwa hawamlazi mtu usingizi wa dawa bila ndugu kukubali.

Ndugu huyo alikuwa Idarousse, kaka yake mkubwa, mwenye duka la vitambaa karibu na bandari ya Mutsamudu. Idarousse hakuwa mtu mbaya. Baba yao alipofariki ni yeye aliyewalea wadogo zake, na hadi siku ile hakuna shughuli ya ukoo iliyofanyika bila yeye kukaa mbele. Aliizunguka plasta ile kama anayekagua bidhaa yenye kasoro, kisha akauliza mkono huu utakulaje.

Loutfia alijibu kwamba atatafuta njia.

"Njia gani? Utakaa kwenye sinia na wanawake wenzako harusini, ule kwa mkono wa kushoto? Au utalishwa kama mtoto? Watu watasema nini juu yangu?"

"Watasema wakiwa wamevaa kanzu nilizopiga pasi mimi, kaka."

Idarousse alikasirika. Akatamka wazi kwamba akienda Moroni, ataukubali mkono uliokunjwa tu, mkono unaofika mdomoni kama wa kila Mwislamu mwenye adabu. Kazi angemtafutia nyingine, akae dukani, apokee wateja.

Habari ya mkono huo ilienea mtaani, na kila mtu akawa na shauri lake. Hata komite ya vijana, ambayo serikali ya Ali Soilih ilikuwa imeikabidhi mtaa, iliijadili. Mkuu wa komite alikuwa Chamsidine, kijana aliyekuwa bado shuleni mwaka uliotangulia, ambaye sasa alipewa madaraka ya mtaa mzima. Alikuja mlangoni kwa Loutfia, akamwita mama kwa heshima, akamweleza kwamba kupiga pasi kanzu za wakubwa ni utumwa wa zamani, na kwamba taifa linahitaji mikono ya kushika jembe. Kwa hiyo aombe mkono ukunjwe kadiri ya mpini wa jembe.

Loutfia alimtazama kuanzia juu hadi chini.

"Shati lako limekunjamana, mwanangu. Uhuru haukukataza pasi. Livue, nilinyooshe, halafu uendelee na hotuba."

Majirani waliokuwa wakisikiliza madirishani walicheka. Chamsidine hakulivua shati, lakini hakurudi tena na habari za jembe.

Ukweli ni kwamba Loutfia mwenyewe alikuwa na wasiwasi juu ya kula. Alikwenda kwa Mouzaoir seremala, akamwagiza upawa wenye mpini mrefu sana. Upawa wa kwanza ulimwaga wali wote kifuani. Mouzaoir aliupinda mpini, Loutfia akajaribu tena mbele yake, mchuzi ukaingia kwenye plasta na ukanuka kwa siku kadhaa. Upawa wa tatu ulifika mdomoni. Ijumaa hiyo Loutfia alikwenda nao nyumbani kwa mke wa Idarousse, akaketi kwenye sinia, akala mbele ya ukoo mzima polepole, bila kudondosha punje. Shemeji yake alicheka hadi akatokwa na machozi. Idarousse hakucheka.

"Mkono wa kulia ni mkono wa kulia," Loutfia alimwambia. "Hakuna aliyetuambia kijiko kiwe na urefu gani."

Lakini kilichompa uhakika si upawa. Alikuwa amewasha makaa Alhamisi ya kwanza tu baada ya kurudi, kwa ajili ya kujaribu. Alishika pasi kwa vidole vilivyochomoza kwenye plasta, akasukuma kwa bega na mgongo, na pasi ikaenda. Ilikwenda mpaka ncha ya kola na kurudi. Alingojea yale maumivu aliyoyazoea, hayakuja. Aliweka pasi chini, akakaa sakafuni, akalia peke yake. Kisha akapiga pasi kanzu nane bila kupumzika. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumbadilisha, kwa sababu wengine wote walizungumza juu ya mkono waliouwaza, naye alizungumza juu ya mkono aliokwisha kuishi nao.

Mwezi ulipokwisha, Idarousse alikubali kumsindikiza Moroni. Botini hawakusema neno. Loutfia alidhani kimya kile ni cha mtu aliyesalimu amri.

Hospitalini aliwekwa kwenye kitanda cha mwisho cha wodi, akiwa na njaa tangu jana yake kwa amri ya daktari, amevaa gauni la wodi chini ya shiromani, shuka yake nyekundu ya kujitanda aliyokataa kuivua. Daktari alikuja, na Idarousse, ambaye Kifaransa alikijua kwa biashara, alimvuta pembeni wakazungumza wawili. Daktari alisikiliza, akamtazama Loutfia, akachukua kitabu chake mezani na kukifunga zaidi kuliko siku ile ya kwanza.

Mariamou alikuwa akitandika kitanda cha jirani. Aliinama karibu na sikio la Loutfia.

"Dada, kaka yako amesema umebadili nia. Amesema unataka ukunjwe."

Loutfia aliteremka kitandani. Hakuenda kwa kaka yake, alikwenda kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, akakaa chini mbele yake, mgongo kwenye ubao, mkono wa plasta umemtangulia. Machela ya kumbeba ilikuwa imeshafika, ikashindwa kupita.

Idarousse alimwamuru anyanyuke. Alimkumbusha kwa sauti ya chini kwamba bila kibali chake hapasuliwi leo, wala kesho.

"Basi sipasuliwi," alisema Loutfia. "Nitarudi na maumivu yangu. Nimeishi nayo, nayajua. Mkono wako wewe siujui."

Wagonjwa waliinuka kwenye vitanda. Kijana wa komite aliyesimamia daftari la wodi alikuja kuona kuna nini, na Loutfia hakumwacha apite. Alimuuliza kama si wao wanaotangaza redioni kila siku kwamba mwanamke ni mtu kamili. Kijana alikubali kwamba ni wao. Loutfia akamwambia kwamba mtu kamili amekaa hapa chini, na kibali anakitoa mwenyewe. Kijana alitazama daftari, akamtazama daktari, kisha akalifunga daftari.

Daktari alimuuliza Mariamou Loutfia anasema nini, na Mariamou alitafsiri yote, bila kupunguza. Daktari aliweka kitabu chini. Akasema kwamba yeye hapasui mkono wa mtu anayesema hapana, na kwamba atangoja, ingawa hatangoja sana kwa sababu taa za chumba kile huzimika.

Wote walimgeukia Idarousse. Aliitazama plasta ile, yenye madoa ya mchuzi na alama za makaa.

"Nyumbani wataniuliza," alisema hatimaye.

"Waambie dada yako ana kichwa kigumu."

"Hilo wanalijua."

Aliiweka sawa kofia yake, akamwambia daktari maneno machache ya Kifaransa. Loutfia alimtazama Mariamou, na Mariamou akatabasamu: kaka yake alikuwa amesema, muulizeni mwenyewe. Daktari alimuuliza. Loutfia alinyoosha mbele mkono ule wa plasta.

"Hivi hivi. Msiuongeze, msiupunguze."

Watu wa machela waliinama wamlaze, akawazuia. Miguu yake, alisema, haina ugonjwa wowote. Akajiinua kwa mkono wa kushoto, akausukuma mlango kwa bega, akaingia.