Mchwa wa Musonoi walivyompima mkwe kwa kipande cha mulombwa

Wakuu, nawasalimu wote. Nasimulia niliyoyaona kwa macho yangu, bila chumvi.

Ilikuwa Kolwezi, enzi za Zaïre, wanaume tukivaa abacost, ile suti isiyo na tai. Rafiki yangu Kalenga, karani wa ofisi ya mgodi, alikuwa anamposa binti wa Mama Ngoie wa cité (mtaa) ya Musonoi. Mimi ndiye nilikuwa mshenga.

Mama Ngoie hakuwa na tamaa ya makuu. Alitaka kitanda cha mulombwa tu, mti ambao nyinyi wa Tanzania mnauita mninga. Kitanda cha binti yake mkubwa kilikuwa kimeliwa na mchwa, kikaanguka wenyewe wamelala juu yake.

Kwao kulikuwa na desturi: kabla ya kupokea kitanda, mama mkwe anafukia kipande cha mbao ile ile kwenye kichuguu. Mchwa wakikila, hakuna harusi mpaka kipatikane kitanda kingine.

Kalenga akacheka. Mulombwa nani asiyeujua? Ukikatwa mbichi unatoa utomvu mwekundu kama damu (shati langu moja liliishia hapo). Ukikauka haupindiki. Wavuvi wa ziwa la Nzilo wanauchonga mitumbwi, akina mama vinu. Ubaya wake ni vumbi: siku tulipokwenda kwa seremala tulipiga chafya mpaka machozi.

Kalenga alitaka kitanda kipana, cha kuwashangaza majirani. Seremala akatumia mbao kwa upana wake wote, na kipande cha majaribio akakikata pembeni, asiharibu katikati.

Hapo ndipo tulipokosea.

Mama Ngoie akakifukia kwenye kichuguu cha uani kwake, majuma yakapita. Akatuita, akafukua kipande mbele ya mashangazi. Upande mmoja ulikuwa umebaki vumbi na matundu.

Mashangazi wakaguna. Mama akamtazama Kalenga.

"Citoyen, mutoto yangu atalala pa nusu ya kitanda?"

Alipomwita citoyen, yaani raia, kama mtu baki badala ya mkwe, nikajua posa inakufa mikononi mwangu.  Kalenga akakichukua kile kipande, akakipangusa kwa mkono wa abacost yake mpya, akakigeuza juani.

"Mama, uangalie muzuri. Ya bweupe njo balikula. Ya nyekundu habakugusa."

Ni kweli. Mchwa walikuwa wamekula sehemu ya nje ya mbao, ule weupe, wakakoma kwenye kiini chekundu kana kwamba wamechorewa mstari. Mama akajaribu kuchoma wekundu kwa ncha ya kisu. Kisu kikateleza.

"Basi, mutoe bweupe yote," akasema.

Seremala akaondoa weupe kwenye kila ubao. Kitanda kilipofika Musonoi kilikuwa chekundu pyu, kizito cha kubebwa na wanaume wanne, na chembamba mno. Shangazi mmoja akauliza kama ni kitanda au benchi la kanisani.

Tukasubiri neno la Mama Ngoie. Akakizunguka, akakigonga, akakaa juu yake.

"Mukwe yangu, iko muzuri. Bakigombana, hakuna fasi ya kugeuziana mugongo."

Vigelegele vikaanzia hapo hapo.

Funzo langu: mninga kuwa mgumu hakutoshi, tazama rangi ya pembeni kabla hujalipa. Kiini hudumu, weupe ni chakula cha mchwa.

Mafundi, nikosoeni. Na waliooana kwenye kitanda chembamba, njooni mtuambie kama Mama Ngoie alisema kweli.